Kamera ya 120 kwa mtu wa basi na boti

Ukisoma sifa za kamera za filamu zinazosemekana kufaa safari, hasa zile zinazokunjika, hukosi kukutana na hii: inaingia mfuko wa koti. Sawa. Ila nani anavaa koti Tanga? Huku kwetu kamera inaingia begi la mgongoni, na begi lenyewe liko mapajani ndani ya basi la kusini, juu yake mfuko wa machungwa wa jirani ambaye hakuomba ruhusa. Likitoka hapo linapanda bodaboda, halafu linashuka kwenye boti ya Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, na huenda ukalazimika kukunja suruali kabla hujafika nchi kavu. Nilitaka kamera itakayoyamudu hayo yote na bado inipe negativu kubwa. Kila nilipopima kamera kwa ukali wa lenzi yake nilibaki palepale. Nilipoanza kuipima kwa kuuliza itaharibikia wapi na nani ataitengeneza, orodha ikapungua haraka sana.

Kwa asiyezijua, nieleze kwanza kwa nini mtu ajisumbue na filamu ya 120 wakati simu ipo. Kodak waliitoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera yao ya sanduku, Brownie namba 2, na hadi leo bado inatengenezwa: mkanda wa upana wa kama sentimita 6, umezungushiwa pamoja na karatasi ya mgongoni iliyochapwa namba. Picha ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Picha ndogo iliyozoeleka kwenye 120, ile ya 6×4.5, ina karibu milimita 56 kwa 41.5, na eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hiyo ya kwanza. Ya mraba, 6×6, ni mara tatu na nusu hivi. Ya 6×7 inakaribia mara nne na nusu.

Kwenye kioo cha simu tofauti hiyo huioni, na anayekuambia unaiona anakutania. Unaiona ukichapa picha ya nusu mita na kuitundika sebuleni. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni za mawe ya matumbawe, zimetoboka, chokaa imebanduka huku na kubaki kule. Kwenye milimita 35 unapata ukuta. Kwenye 120 unapata mawe, moja moja. Mimi napenda kuta, milango, mbao za majahazi, vitu ambavyo uzuri wake uko kwenye ngozi, ndiyo maana nikaingia gharama hii. Anayepiga mpira na maandamano asisumbuke.

Shida ni kwamba kamera nyingi za 120 ziliundwa zikae studio. Pentax 67 na lenzi yake inazidi kilo 2. Hasselblad 500C/M, ikiwa na lenzi ya milimita 80 na kasha la filamu, iko kama kilo moja na nusu. Ni mashine nzuri mno, ila shingo ninayo moja.

Zilizobaki ni chache, na kila anayeulizwa hukimbilia kutaja Mamiya 7. Ilitoka mwaka 1995, toleo la pili likafuata 1999. Inapiga 6×7, lenzi zinabadilishwa, na pamoja na lenzi ya milimita 80 ina uzito wa kama kilo moja na robo. Lenzi zake ni kati ya zilizo kali kabisa kuwahi kutengenezwa kwa filamu hii, hilo silibishi. Ninachobishia ni mambo mawili. La kwanza ni bei: iliyotumika, pamoja na hiyo lenzi, inavuka dola 2,000, na kwa hela hiyo unanunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Mtu mwenye kitu cha bei hiyo begini hasafiri kwa raha, analinda mzigo. La pili ni kwamba shata yake, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, inategemea umeme. Kibetri cha volti 6 kikifa na huna kingine, kamera haifyatui hata mara moja, na kibetri hicho hukipati kwenye kibanda cha vocha. Haitengenezwi tena, kwa hiyo saketi ikiungua unatafuta kamera nyingine mbovu ili uing'oe vipuri.

Dada yake mkubwa, Mamiya 6 ya mwaka 1989, naihusudu zaidi. Hiyo ni ya mraba, na lenzi yake inasukumwa kuingia ndani ya mwili wa kamera ukitaka kuiweka. Waliofikiria kubeba kweli ndio hao. Nayo lakini inaishi kwa betri.

Za kukunja zina mvuto wake. Fuji GF670, ambayo pia iliuzwa kwa jina la Voigtländer Bessa III, ilitoka kwenye mwaka 2009 wakati wengi walishaizika filamu. Ina lenzi ya milimita 80, unachagua mraba au 6×7, uzito wake kama kilo moja, na ikikunjwa ni bapa. Bei yake inafukuzana na ya Mamiya, hivyo niliisoma nikaifunga. Fuji walikuwa na nyingine ya kukunja kabla ya hapo, GS645 ya mwaka 1983, ndogo na ya bei inayovumilika, lakini mvukuto wake wa asili, ule mfuko wa mikunjo unaounganisha lenzi na mwili, unajulikana kwa kutoboka matundu madogo kama ya sindano, na mwanga unapenya na kuharibu filamu. Za Kijerumani za zamani, Super Ikonta na Agfa Isolette, zinapatikana kwa bei nafuu, na mivukuto ya Isolette ina sifa mbaya hiyohiyo. Mvukuto mkavu katika kabati la Ulaya ni jambo moja. Mvukuto unaokunjwa na kukunjuliwa kwenye mchanga, chumvi na jasho ni jambo lingine. Nikaachana nazo zote.

Fuji GA645, nayo ya mwaka 1995, ni kamera ya mtu mvivu, na hapo naisifu. Inalenga yenyewe, yaani inajipimia umbali ili picha iwe safi, inavuta filamu yenyewe, ina flashi yake, na inachapa pembeni mwa negativu kasi ya shata na tundu la lenzi ulilotumia. Kama una watoto wadogo, au unapiga harusi za ndugu ambako hakuna anayesubiri ulenge, chukua hiyo na usiendelee kunisoma. Mimi ilinishinda kwa injini yake, ambayo inatangaza kila picha, na kwa sababu ni ya umeme mwanzo hadi mwisho. Ikizima imezima.

Niliyoishia nayo ni Fuji GS645S ya mwaka 1984. Si kamera ya kuringia. Mwili wake una plastiki nyingi, na mbele imewekewa chuma cha kuzunguka lenzi kuikinga isigongwe, kinachoifanya ifanane na gari la mizigo lililofungwa bampa. Lenzi ni moja tu, milimita 60, f/4 (hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), haibadilishwi. Uzito hauifikii kilo. Betri zake mbili ndogo kama za saa zinaendesha mita ya mwanga peke yake. Zikiisha, shata inaendelea kufyatua kuanzia sekunde 1 hadi 1/500, maana yote ni springi na magurudumu ya meno. Hilo ndilo lililonishawishi. Mengine niliyajua baadaye, na baadhi yakanifurahisha kuliko hilo.

Mojawapo ni kwamba ukiishika kama kamera yoyote, picha inatoka ya wima. Filamu inapita kwa mlalo, na upande mfupi wa picha ndio unaofuata njia ya filamu. Watu wengi huona hiyo ni kasoro. Kwangu ilikuwa zawadi, kwa sababu nchi yangu ya picha imesimama: milango ya Mji Mkongwe, vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, minazi, milingoti, mtu aliyesimama mlangoni kwake. Ikija bahari na upeo wake naigeuza ubavu, basi.

Nyingine ni hesabu ya mikanda. Mkanda mmoja wa 120 unatoa picha 8 za 6×9, 10 za 6×7, 12 za mraba, na kwenye GS645S picha 15. Filamu ya rangi kama Portra huuzwa pakiti ya mikanda mitano. Pakiti hiyo kwa mwenye Mamiya 7 ni picha 50, kwangu ni 75. Filamu haiokotwi njiani kati ya Lindi na Mtwara, unaondoka nayo yote nyumbani, na picha hizo 25 za ziada ni mikanda ambayo hukuibeba wala hukuinunua. Kuna faida ya pili isiyosemwa: unabadilisha mkanda mara chache. Kubadilisha mkanda wa 120 kunataka kivuli, mikono miwili na utulivu. Unavua uliojaa, unaulamba gundi na kuufunga kabla haujalegea, unahamisha kigurudumu kitupu upande wa pili, unachomeka ncha ya karatasi, unavuta hadi mshale ukae kwenye alama. Fanya hivyo juu ya boti inayoruka mawimbi, utaheshimu kila picha ya nyongeza unayopewa.

Sasa jua. Hapa ndipo ushauri mwingi unaoandikwa kwenye nchi za mawingu unapotupoteza. Karibu kamera zote hizi zina shata iliyokaa ndani ya lenzi. Inafyatua kwa sauti ndogo kama ya kidole, haina kioo kinachogonga, kwa hiyo mkono ukitulia unaweza kushuka hadi 1/30 ndani ya nyumba yenye giza. Ila mwisho wake juu ni 1/500. Wanaokushauri usafiri na filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) "kwa kila hali" hawajasimama ufukweni saa saba mchana. Kanuni ya zamani ya jua kali inasema weka f/16 na kasi inayolingana na ISO ya filamu. Kwa ISO 400 hiyo ni f/16 na 1/500, yaani umeshafika ukutani, na mchanga mweupe unakusukuma hadi f/22. Kamera uliyoilipia kwa lenzi yake inabaki kufanya kazi na tundu la sindano siku nzima. Pwani natumia ISO 100 hadi 160, Ektar au Portra 160 kwa rangi, FP4 kwa nyeusi na nyeupe, nakaa kwenye f/8 na f/11 ambako lenzi inapumua. Za 400 naziweka kwa asubuhi, masokoni, na ndani ya treni.

Kwenye f/11, lenzi hiyo ya milimita 60 ukiilenga mita 7, kila kitu kuanzia mita tatu na nusu hivi hadi upeo wa macho kinakuwa safi. Maana yake mtaani huhitaji kulenga kabisa. Nimeizoea hivyo kiasi kwamba kipima umbali, kile cha kulengea ndani ya dirisha la kutazamia, nakikumbuka pale tu mtu anaponikaribia.

Nirudi kwa mafundi. Rafiki yangu ana Yashica Mat, kamera ya Kijapani ya lenzi mbili, moja ya kutazamia juu na moja ya kupigia chini, unainamia kutoka juu kama unachungulia kisima. Kasi zake za chini zilikuwa zimelegea. Tukaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa Kariakoo, ambaye meza yake ina ukubwa wa sinia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Saa imegoma?"

"Si saa mzee, ni kamera. Sekunde moja imekuwa mbili."

Akaifyatua karibu na sikio, akafumba macho, akafyatua tena. "Hii ni saa," akasema, "ila haina mishale." Tulipompa picha za ramani ya shata iliyofunguliwa akazitazama kidogo, akazirudisha. Aliisafisha mafuta yaliyoganda, akaomba tuje kesho yake, akatoza hela ya kusafisha saa ya mkono. Hakuna fundi saa atakayeifanyia hivyo saketi ya mwaka 1995, hata awe bingwa namna gani.

Kamera za aina hiyo ya rafiki yangu, za lenzi mbili, ndizo zilizokuwa mpinzani wa kweli wa Fuji yangu. Rolleiflex ya kwanza ilitoka Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929, na ndiyo mama yao. Yashica Mat 124G ilitengenezwa hadi miaka ya 1980. Rolleicord Vb, ndugu mnyenyekevu wa Rolleiflex, ni nyepesi zaidi na haina cha umeme hata kimoja. Vivian Maier, yaya wa Chicago ambaye negativu zake zilikuja kujulikana baada ya kupigwa mnada mwaka 2007, alizunguka dunia peke yake mwaka 1959 akiwa na Rolleiflex, akapita Thailand na Misri, akarudi kazini. Ukiona picha zile unaacha kulalamika kwamba kamera ya lenzi moja isiyobadilishwa inakubana.

Na kuna jambo la adabu. Mwenye kamera ya lenzi mbili anamsalimia mtu, anaomba, halafu anainamisha kichwa. Uso wake haujafichwa na chuma, na hamtumbulii mwenzake macho. Katika vijiji vya pwani, ambako mama mtu mzima ana haki ya kukukatalia na wengi hutumia haki hiyo, nimeona tofauti. Anayeelekezewa kamera usoni huvuta ushungi. Anayepigwa na mtu aliyeinama huuliza, "Mwanangu, unatafuta nini humo?" Hapo mazungumzo yameanza, na picha inaweza kusubiri. Kilichoniweka upande wa Fuji ni kwamba kwenye kioo cha lenzi mbili kushoto kunakuwa kulia, na mimi kwenye jambo linalotembea bado nakimbizana nalo upande usio wake. Pia ule mraba unanipa picha 12.

Joto na unyevu vinaamua mengi pia. Kodak hushauri filamu zao za kitaalamu zikae nyuzi 21 au chini ya hapo kabla ya kutumika, kiwango ambacho Dar es Salaam unakipata ndani ya friji au kwenye chumba cha meneja. Mikanda yangu hulala kwenye friji, na kabla ya safari naitoa mapema iache baridi ndani ya pakiti yake, maana ukiifungua ikiwa baridi inatoka jasho. Njiani naifunga kwenye kanga katikati ya nguo. Lenzi adui yake ni kuvu. Pwani inaota kwa kasi, inasambaa kwenye kioo kama nyuzi za buibui, na ikishakula rangi ya juu ya kioo haitoki. Kamera isikae kwenye mfuko wake wa ngozi nyumbani. Ngozi inanywa unyevu. Iweke kwenye dumu la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Kusafisha mikanda nafanya mwenyewe, na hapa hali ya hewa ina utani wake. Dawa za nyeusi na nyeupe zimepangiwa nyuzi 20, wakati maji ya bomba langu ni ya moto kuliko hapo mwaka mzima, kwa hiyo nanunua barafu ya pakiti kwa mama wa jirani na kuiweka kwenye beseni. Filamu ya rangi inataka karibu nyuzi 38. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua mashine za kupasha maji wafike huko. Mimi maji yangu yameshatangulia zaidi ya nusu ya njia.

Kiwanja cha ndege ni suala la kujipanga. Zile mashine mpya za ukaguzi, zinazopiga mzigo wa mkononi kutoka pande zote kama kipimo cha hospitali, zinaharibu filamu hata kwa kupita mara moja, na Kodak wenyewe wameonya hivyo. Toa mikanda kwenye maboksi, iweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, fika mapema, na mwombe ofisa aikague kwa mkono ukiwa huna haraka wala sauti kubwa. Usiiweke kamwe kwenye begi la kwenda chini ya ndege.

Ukipata ya kununua, mulika tochi kupitia lenzi huku tundu limefunguliwa na utazame kutoka upande wa pili. Fyatua sekunde 1 na uhesabu. Lenga nguzo ya mbali na uone kama picha mbili za kipima umbali zinakutana; kwenye GS645S hicho ndicho huyumba kwanza ikigongwa. Kagua sifongo za mlango wa nyuma, zikigusika kama lami zibadilishwe. Muuzaji akiandika kwamba kamera haijajaribiwa, mimi huchukulia kwamba ilijaribiwa ikakataa.

Kamera yangu hii haikaribii kitu chini ya mita moja, kwa hiyo picha za sura peke yake, zile za kujaza uso wa babu na makunyanzi yake yote, haiziwezi. Anayezitaka hizo atafute nyingine. Mimi nimeshaandaa mikanda ya reli ya TAZARA kuelekea Mbeya, ya ISO 400 kwa ndani ya behewa na ya 160 kwa vituoni, na Fuji inaenda. Ila akitokea mtu mwenye Rolleicord Vb yenye kioo safi, kwa bei ya kibinadamu, tutaongea kabla treni haijaondoka.